Shilingi 50,400

Fomu ya maelekezo ya kujiunga na chuo kikuu huwa na kurasa nyingi, na mzazi anayeisoma usiku huku simu ikimsaidia kupiga hesabu hukimbilia kwanza ada ya masomo. Akishavuta pumzi, anaangalia hosteli. Chini kabisa, kati ya ada ya kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi na shilingi 20,000 za uhakiki wa ubora zinazokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, kuna mstari mfupi: bima ya afya, 50,400. Mstari huo hauzui ugomvi nyumbani. Wengi huulipa mwisho, au huuacha kwanza ili nauli na godoro vipatikane.

Nataka sura hii yote ikae juu ya mstari huo, kwa sababu katika gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania sijui nyingine ndogo kiasi hicho inayobeba jambo kubwa kiasi hicho. Zigawanye 50,400 kwa miezi 12, unapata shilingi 4,200. Kwa siku ni 138 na ushee. Mwanafunzi mwenye mkopo, ambaye tangu mwaka wa masomo 2022/2023 amekuwa akihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, anaweza kulipa bima ya mwaka mzima kwa bumu, yaani posho hiyo, la siku tano na mia nne juu. Tatizo ni kwamba bumu lenyewe halijaingia siku ya usajili. Na mkopo una vipengele vyake: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Bima haimo. Inatoka mfukoni kwa mzazi, kwa mjomba, kwa kaka mkubwa mwenye bodaboda.

Kwa nini ni rahisi hivyo? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao wengi huuita NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 3, na kadi hufunika mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Mwanafunzi hana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo hulipa kiasi kimoja kwa mwaka. Kiasi hicho kinaweza kuwa kidogo kwa sababu moja tu: wanaolipa ni wote. Darasa zima la wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza linalipa, na wengi wao ni vijana wa miaka 19 na 20 ambao mwaka utapita wakiwa wamekwenda zahanati kwa mafua na jeraha la mpira. Fedha zao ndizo zinazomtibu mwenzao mwenye selimundu ambaye atalazwa mara kadhaa kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Ni chama cha kufa na kuzikana, ila hiki ni cha kuishi.

Kinachotokea pale wote wasipolipa tumekwisha kukiona. Kulikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja, nayo ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 Mfuko ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa kadi hiyo na kuwaelekeza wazazi wapitie shuleni au kwenye bima ya familia. Maelezo yalikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakimkatia kadi mtoto akiwa tayari ni mgonjwa, hivyo matumizi yakaizidi michango kwa mbali. Wazazi wengi waliumia, na nawaelewa: aliye na mtoto mwenye tundu kwenye moyo hawezi kusubiri shule iandae orodha. Lakini hesabu haikuwa ya uongo. Bima inayonunuliwa mlangoni mwa wodi haiwezi kubaki rahisi. Ndiyo maana mwanafunzi anayeuliza, “Mimi siumwi, nalipa ya nini?” anastahili kujibiwa kwa heshima na kwa ukweli: unalipa ili bei ibaki ile ile siku utakayoumwa wewe.

Wapo wasiotakiwa kulipa, nao ni wale waliomo tayari kwenye kadi ya mzazi mtumishi. Hao huonyesha kadi siku ya usajili na mstari ule hufutwa. Hapa pana mtego ambao wazazi hawauoni. Umri wa mtegemezi una kikomo. Kijana anaweza kuingia mwaka wa kwanza na kadi inayosoma vizuri, halafu katikati ya mwaka wa pili, akiwa na homa ya nyuzi 39, akaambiwa dirishani kwamba jina lake limeondolewa. Hakuna aliyemwonya. Mzazi aliye mtumishi na aulize mapema, ofisi ya rasilimali watu au ofisi ya Mfuko ya mkoa, mwanawe atafunikwa hadi lini, na mwaka unaofuata alipiwe chuoni mapema.

Kulipa ni jambo moja, na kadi kusoma ni jambo jingine. Hapo ndipo wanafunzi wengi huumia.

Fedha hulipwa benki au kwa simu kwa kumbukumbu namba ya malipo. Kisha chuo hukusanya orodha: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, picha, namba ya kitambulisho cha taifa kwa aliye nayo. Orodha hupelekwa kwenye Mfuko, huhakikiwa, kadi hufunguliwa. Njiani humo kuna Mohamed wa cheti cha kidato cha nne ambaye ni Mohammed kwenye kitambulisho cha taifa, kuna aliyeandika jina la babu badala ya ukoo, kuna picha isiyopokelewa na mfumo. Kila kasoro huirudisha karatasi nyuma. Wakati huo huo, mwanafunzi aliyetoka Makete au Njombe, kwenye baridi ambako malaria ni adimu, ameshalala wiki tatu Dar es Salaam au Morogoro bila chandarua, kwa sababu fedha za chandarua zilikwenda kwenye vitabu vya kutoa kopi. Mwili wake haujazoea malaria, na ikimpata huwa kali kuliko kwa mwenyeji wa pwani aliyekua nayo. Majuma yale ya mwanzo, ambayo kadi inachelewa, ndiyo mwili wake una kinga ndogo kuliko wakati wote.

Mazungumzo ya dirishani katika wiki hizo yanafanana karibu kila chuo.

“Mdogo wangu, kadi yako haijafunguka.”

“Lakini dada nimelipa tangu siku ya usajili. Risiti hii hapa.”

“Risiti naiona. Mfumo haukuoni. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wakuulizie, au lipia taslimu leo.”

Nesi yule hana kosa. Asipopata namba ya uthibitisho kutoka kwenye mfumo wa Mfuko, huduma atakayotoa haitalipwa, na zahanati itabaki na pengo la dawa. Mwanafunzi naye hana kosa. Anayedaiwa ni aliyepokea fedha. Chuo kikishachukua shilingi 50,400 za mtoto wa watu, deni la matibabu limeanza siku ile ile, kadi iwe imetoka au haijatoka. Zahanati ya chuo inaweza kumtibu kwa risiti na kitambulisho, ikaandika kitabuni, na uongozi ukafuatilia marejesho. Dawa za wiki tatu za malaria, nimonia na mapele hazikifilisi chuo kikuu. Serikali za wanafunzi hupigania sana bumu, na ni haki yao, lakini natamani siku moja zigombanie hili kwa nguvu ile ile: kila chuo kitangaze ni kwa utaratibu gani kinamtibu mwanafunzi aliyelipa ambaye kadi yake haijasoma.

Tuchukulie kadi imesoma. Kinachofuata ni foleni, na foleni ya Jumatatu asubuhi huwafukuza wengi hadi famasi ya nje ya geti. Atakayevumilia atapita mapokezi, atapimwa uzito, joto na presha, atamwona tabibu, ataenda maabara, atarudi kwa tabibu na majibu, kisha dirisha la dawa. Mwishoni ataletewa fomu ya madai asaini. Hii fomu wanafunzi huisaini wakiwa wameshageukia mlango, na hapo nataka wasimame. Saini yako ndiyo inayouthibitishia Mfuko kwamba umepewa kipimo hiki na dawa hii. Soma. Kama umepimwa mkojo tu na fomu inasema umepimwa na damu, uliza. Kama haijajazwa, usisaini. Na kadi usimwazime rafiki wa chumbani asiye nayo, hata akiwa anatetemeka: mbali na kwamba ni kosa, ugonjwa wake utaandikwa kwa jina lako, na siku daktari atakapofungua rekodi zako atasoma historia ya mtu mwingine.

Majibu ya maabara yanahitaji nafasi yao, maana kwenye zahanati za vyuo kuna magonjwa mawili yanayotolewa kama salamu: taifodi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanafunzi anaingia na homa na kichwa kuuma, anatoka na yote mawili na mfuko wa dawa za kuua bakteria. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu, kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yake. Katika nchi ambayo taifodi ipo, kinga hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa uliopita zamani, au ya maambukizi mengine yanayofanana. Kukifanya mara moja na kusoma “positivu” hakutoshi kusema huyu ana taifodi leo. Njia ya kuaminika ni kuotesha damu maabara ili bakteria aonekane, jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi. Basi tabibu mzuri huangalia homa imedumu siku ngapi, ilipandaje, tumbo likoje, na kwanza hupima malaria.

UTI nayo ni ugonjwa wa kweli, na wasichana huupata zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Lakini dalili zake zinajulikana: kuungua wakati wa kukojoa, kwenda msalani kila mara, maumivu chini ya kitovu. Mkojo wenye bakteria kwa msichana asiye mjamzito na asiye na dalili yoyote kwa kawaida hauhitaji dawa. Muulize tabibu bila woga: “Daktari, kipi kinakuonyesha kwamba ni UTI?” Ni swali la kawaida, si utovu wa adabu. Kila dozi isiyo ya lazima inalipwa na mfuko ule ule wa 50,400 za darasa, na bei yake ya pili ni bakteria wanaojifunza kuishi na dawa, hadi siku ile ugonjwa wa kweli utakapokuja na dawa zikashindwa.

Malaria ndiyo inayotibiwa vizuri kuliko yote, na ndiyo inayoharibiwa na wanafunzi wenyewe. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa kwa tone la damu ya kidole. Dawa mseto ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uifyonze. Siku ya pili homa hushuka. Mwanafunzi mwenye mtihani keshokutwa huiacha hapo, na vidonge vilivyobaki huviweka kwenye droo kwa ajili ya mwenzake. Mwenzake atameza dozi nusu ya ugonjwa ambao hajapimwa. Kinachoanzia kwenye droo hiyo humalizikia kwenye kitanda cha hospitali ya mkoa.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi hatakiwi kuyalipia hata bila kadi. Katika vituo vya umma, kupima virusi vya Ukimwi na dawa za kufubaza virusi ni bure, matibabu ya kifua kikuu ni bure, na uzazi wa mpango ni bure. Wangapi wanalijua? Msichana hununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, famasi kila mara kwa fedha ya chakula, na hakuna aliyemweleza kwamba njia ya kudumu miaka kadhaa inawekwa bila malipo umbali wa daladala moja. Aliyebakwa, au aliyejikuta katika hatari ya kuambukizwa, ana dawa za kuzuia virusi zinazopaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Tangazo la hilo lingepaswa kubandikwa kila hosteli, mlangoni kwa ndani, ambapo mtu huliona akiwa peke yake.

Linalowazuia wengi ni aibu, hasa pale mhudumu wa mapokezi anapoishi mtaa mmoja na shangazi. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima. Majibu yake ni yake, na mzazi hana haki ya kusomewa faili bila ridhaa yake, hata kama ndiye aliyelipa. Zahanati inayoita majina na magonjwa kwa sauti kwenye benchi inafukuza wagonjwa wake, na hao wakiondoka hawaendi kupona, wanakwenda kujificha. Wanaougua akili huondoka kwanza. Kijana aliyeacha kulala, asiyekula, anayekaa gizani chumbani wakati wenzake wako darasani, mara nyingi hupewa dawa ya vidonda vya tumbo kwa kuwa tumbo ndilo alilolalamikia. Nadhani swali moja la tabibu, “Na usingizi ukoje?”, lingeokoa vijana wengi kuliko kipimo chochote cha maabara ya chuo.

Sasa yale makubwa. Kidole tumbo hupenda umri huu huu, kati ya miaka 10 na 30. Maumivu huanza karibu na kitovu, yakashuka upande wa kulia chini, mgonjwa akatapika na kushindwa kusimama wima. Zahanati ya chuo haina chumba cha upasuaji. Kazi yake ni kumtambua mapema na kuandika rufaa. Kwa dharura kama hii hakuna wa kusubiri ngazi. Kwa mengine, safari ni ya ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, na juu kabisa Muhimbili. Anayeruka ngazi bila karatasi ya rufaa hujikuta akilipa mwenyewe, na katika usiku mmoja wa upasuaji, vipimo na kitanda, ada ya bima ya miaka yote ya shahada inaweza kupotea mara kadhaa.

Na kadi, hata ikisoma, inategemea mkataba kati ya Mfuko na hospitali. Machi 1, 2024, siku kitita kipya cha bei za Mfuko kilipoanza kutumika, hospitali kubwa kadhaa za binafsi ziliacha kuwapokea wanachama wake kwa kutokubaliana na bei hizo. Wagonjwa waliokuwa na miadi walirudishwa getini. Mwanafunzi aliye mafunzo kwa vitendo mkoa wa mbali anapaswa kujua tangu siku ya kwanza kituo gani cha umma kilicho karibu kinapokea kadi, asilitafute jibu hilo usiku akiwa mgongoni mwa rafiki.

Wanaoijua thamani ya kadi kuliko wote ni wenye magonjwa ya kudumu: pumu, kifafa, kisukari, selimundu. Tanzania huzaliwa watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi zaidi sasa wanafika chuo kikuu, jambo ambalo kizazi kimoja nyuma lilikuwa adimu. Kwa huyo, hosteli ya ghorofa ya nne isiyo na maji ni suala la tiba, maana kiu na uchovu huamsha maumivu. Baridi ya Juni pia. Ripoti ya daktari wake wa nyumbani ifike zahanati ya chuo wiki ya kwanza, na ifike kwa mshauri wa wanafunzi pia, ili apewe chumba cha chini na ili mtihani alioukosa akiwa wodini usihesabiwe utoro.

Kisha yanakuja mahafali, na kadi inakufa pamoja na uanafunzi. Novemba 2019, Mfuko ulipotangaza vifurushi vya watu binafsi, kile cha chini kabisa kwa kijana mmoja kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka, karibu mara nne ya ile ya chuoni, kwa sababu kijana huyo hana tena darasa la kulipa naye. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na mhitimu asiye na ajira ni miongoni mwa watu ambao sheria hiyo itapimwa kwao. Lakini asiitegemee kabla haijamfikia. Kwa hiyo katika muhula wa mwisho, kabla ya kufunga sanduku, mwanafunzi aende zahanati akiwa mzima: jino linalouma akinywa maji baridi litibiwe, uvimbe aliouahirisha uangaliwe, presha ipimwe. Mwenye ugonjwa wa kudumu aombe muhtasari wa matibabu ulioandikwa na kugongwa muhuri, wenye majina ya dawa na vipimo vya karibuni, na achukue dawa za miezi ambayo tabibu ataruhusu. Aanze mapema, kwani Julai zahanati nazo huwa na likizo zake, na muhuri hauna mtu wa kuugonga.